Nilivyoibishia Barafu ya Mke Wangu

Wivu ndio ulionipeleka chuoni Kakamega Ijumaa iliyopita. Wiki nzima mke wangu, Ayuma, alikuwa akimsifu Daktari Wafula, aliyesoma naye ng'ambo, na kusema kwamba anakuja kuhutubia chuoni hapo.

Daktari alieleza kuwa viputo ndani ya barafu ya kale vimehifadhi hewa ya enzi hizo, hivyo kaboni yake inapimika. Ayuma akatabasamu. Nikasimama.

"Hewa huvuja, daktari. Vipimo hivyo haviaminiki."

"Barafu ya sehemu mbalimbali imetoa majibu yanayolingana," akasema kwa upole.

"Basi aliyepima alikosea."

Daktari akamgeukia Ayuma. "Shemeji anasema ulikosea. Utamjibu mwenyewe?"

Tangu tuoane, sikuwahi kumuuliza alipima nini huko. Ayuma akachukua maikrofoni, nami nikabaki nimesimama mbele ya ukumbi mzima.