Helmeti Juu ya Rasta

Sponji ya helmeti iliyolowa jasho, ikichanganyika na mafuta ya nywele, ina harufu yake. Juzi mwanangu aliitupa helmeti yake ya kriketi kwenye kiti cha nyuma cha gari, na kabla sijafika barabara kuu nilikuwa nimesharudi utotoni, ughaibuni Hopkins, kwenye nyumba yetu ya kupanga, kichwa kikiniuma kwa rasta mpya.

Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu Baba alikuwa Mjaluo na Mama ni Mtaita, na hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Baba alikuwa na mazoea ya kuninunulia kila kitu kikubwa. Viatu, koti la theluji, hata sare ya kwaya. "Utakua nayo," alisema, nami nikapitisha baridi baada ya baridi mikono imepotea ndani ya koti. Kwa hiyo nilipojiunga na klabu ya kriketi ya watoto, nilijua nitavalishwa sufuria.

Haikuwa hivyo. Alinipeleka Maple Grove kwa Mhindi mmoja aliyeuza vifaa vya kriketi katika gereji yake, tukakaa huko mpaka mwenyewe akatuletea chai. Baba alinivisha helmeti moja baada ya nyingine, akinikagua kama mtu anayechagua tikitimaji. Niiname. Nitikise kichwa. Nifungue mdomo huku kamba imenibana kidevu. Kisha alichukua mpira akausukuma kwa nguvu kwenye mwanya ulio kati ya ukingo wa helmeti na wavu wa chuma wa usoni, aone kama utapenya.

"Dad, this one is fine," nilimwambia.

"Hii si ya kukua nayo," akajibu. "Iki-move hata kidogo, tunaiacha hapa."

Tulinunua ile iliyonikaa sawasawa. Kati yetu watatu, hakuna aliyefikiria kwamba ilikuwa imekaa juu ya rasta nene nilizosukwa wiki hiyo hiyo.

Mama alizifumua Julai, akanisuka matuta membamba. Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani Woodbury, gongo mkononi, zamu yangu ya kupiga. Nilipiga mpira wa kwanza nikakimbia, helmeti ikanishukia machoni. Niliisukuma juu nikacheka, na wenzangu wakacheka. Mrushaji akaanza kuja tena.

Baba alikuwa ameshaingia uwanjani, mtu mzima na kitambi chake na kandambili, akikimbia huku amenyoosha mikono mbele.

"Ochieng! Toka hapo! Ochieng, toka!"

Mimi naitwa Achieng. Alininyang'anya gongo, akanivua helmeti, akanipapasa kichwa chote kwa viganja viwili. Alikuwa analia mbele ya timu nzima. Nisikufiche, nilimchukia. Wiki nzima sikumsemesha, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata jina langu alilikosea.

Hakuwahi kunieleza. Miaka mingi baadaye tulimrudisha kwao Kisumu tukamzika, na kando ya kaburi lake palikuwa na jingine la zamani. Nililisoma jina msalabani: Ochieng. Shangazi, dada yake Baba, alinishika mkono.

"Huyo ndiye mwenye jina lako," alisema. "Mdogo wetu wa mwisho. Kwako tulibadilisha herufi tu, kwa kuwa ulikuja msichana."

Akanisimulia yote palepale: Ochieng alikuwa mwanafunzi. Siku ya mechi aliazima helmeti ya kaka yake, yaani baba yangu, nayo ilikuwa kubwa mno. Ilimshukia machoni, watu wakacheka, na Baba, aliyekuwa amekaa pembeni, akacheka nao. Mpira uliofuata ukampata usoni, na hakuamka tena.

Basi siku ile Woodbury Baba hakukosea jina. Alimwona mdogo wake amesimama palepale, macho yamefunikwa, watu wanacheka, na safari hii alikimbia. Naye Ochieng wake, yaani mimi, akatoka uwanjani kwa miguu yake, mzima, amenuna, akidai arudishiwe gongo.