Macho ya Mama Juu ya Maji

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Kibiti, na mdomo wangu hauna breki. Mdogo wangu anajua, maana ndiye ninayemfundisha triathloni, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Kwenye baiskeli ni moto wa kuotea mbali. Lakini mara ya kwanza kule Dar, muda wa kuogelea ulimwishia akiwa bado majini. Boti ikamtoa, baiskeli yake ikabaki imeegeshwa vilevile. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Dada, najaribu mara moja tu. Wakinitoa tena, basi."

Mazoezi nayapanga kwa sheria moja: siku moja, kazi moja. Siku ya kupanda kilima ni kilima tu. Siku ya kukimbia taratibu, akiongeza mwendo namgombeza. Kwa hiyo kabla ya kupanga lolote la majini, nilitaka kwanza kumwona anavyoogelea. Tukaenda kwa mama, kule kijijini Salale, tukangoja maji yajae na kutulia kwenye kijito cha nyuma ya nyumba.

Nikaona. Kichwa nje, shingo imesimama, miguu inazama. Sikumcheka, maana hata mimi ndivyo ninavyoogelea. Huku kwetu kwenye mikoko mtoto anafunzwa mapema asiyatoe macho kwenye maji, kwa ajili ya mamba.

Basi zoezi likawa moja: uso majini, toa pumzi, hakuna kingine. Akashindwa. Kila akiuinamisha uso, anauinua kama aliyeungua. Siku ya pili vilevile. Nikafoka, naye akafoka, nikamwambia akaiuze hiyo baiskeli. Zoezi nililipanga vizuri, wallahi, na lilinikera kwa kutokufanya kazi.

Mama alikuwa ukingoni anapara samaki, akatusikiliza mpaka akachoka. Akanawa mikono, akaingia kwenye mtumbwi, akausukuma kwa upondo hadi karibu na mdogo wangu. Akasimama humo, macho kwenye maji.

"Weka uso, mwanangu. Nakuangalizia mimi."

Akauweka. Subhanallah! Miguu ikapanda yenyewe, mgongo ukanyooka, mwili wote ukalala juu ya maji, akaenda. Nilisisimka mpaka kisogoni. Mwili ule nimeuogesha mwenyewe ukiwa mchanga, na sikujua kama unaweza kulala vile.

Tangu hapo mama akawa sehemu ya mpango. Kwanza mtumbwi karibu, halafu mbali kidogo, halafu mama ukingoni tu, mdogo wangu akirefusha safari kila wiki.

Siku ya mashindano tulikwenda na mama Dar. Aliingia baharini mpaka magotini, dera linalowa, macho kwenye maji. Boti ilikuwa inazunguka, na moyo wangu ulikuwa unazunguka nayo. Kisha mdogo wangu akatoka, katikati ya kundi, ndani ya muda, akapita mbio kuelekea kwenye baiskeli. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Nikamvuta mama mkono, twende barabarani tukamwone mwanawe akipita. Hakugeuka.

"Tangulia," akaniambia. "Bado wamo watoto wa watu."