Ufunguo wa Akiba wa Mikisa Namba Mbili

Pale kwenye kiwanda cha sabuni Vingunguti, Valerian alikuwa na majina mawili: lile la kwenye kitambulisho na lile la kila mtu, Mzee Kufuli. La pili lilianza kama dhihaka miaka kumi na tatu iliyopita. Akalizoea, hadi ikafika mahali akiitwa Valerian anajua kuna barua inakuja kutoka ofisini.

Alikuwa fundi umeme, mtu wa Mbinga, mfupi, mwenye mwendo wa kuhesabu hatua. Kabla hajaingiza hata kidole kwenye mashine, alizima swichi kubwa ya ukutani, akapiga kufuli kwenye mkono wa swichi, ufunguo akautia mfukoni. Kisha alifunga vali ya mvuke kwa mnyororo, akatundika kibao kilichoandikwa USIWASHE, MTU YUPO NDANI, akasubiri mapanga ya mashine yatulie kabisa. Halafu, baada ya yote hayo, akaenda kubonyeza kitufe cha kuwashia.

Hapo ndipo watu walipocheka zaidi. Mtu kazima mwenyewe, kafunga mwenyewe, halafu anajaribu kuwasha?

"Naiuliza mashine," alisema Valerian. "Watu nilishawauliza sana."

Kampuni nayo ilikuwa na makufuli yake. Mkaguzi alipotangaza kuja, yalinunuliwa kumi na mawili mekundu, yakapangwa kwenye ubao chini ya maneno USALAMA KWANZA, yakapigwa picha, mkaguzi akiwa katikati. Mkaguzi alipoondoka, makufuli yakaanza kupewa kazi za maana. Moja lilikwenda kwenye friji ya ofisini, moja kwenye kabati la sukari, mengine yakahamia majumbani kwa njia zao. Ubao ulibaki na misumari kumi na miwili, na kila Jumatatu ulifutwa vumbi.

Kwa hiyo Valerian alijinunulia mwenyewe. Alikwenda soko la Temeke Sterio, akachagua kwa machinga makufuli mawili ya aina moja, moja la kazini na jingine la choo cha nyumba aliyopanga Ukonga, choo ambacho kilitumiwa na familia nne na kila mpita njia aliyejua kusukuma mlango.

Watu hawakumuuliza alikoitoa tabia ya kufunga mashine, naye hakupenda kusimulia. Ilitoka kiwanda kingine, zamani, ambako rafiki yake Ferdinand aliingia kwenye mashine ya kusaga, na mwenzao aliyekuwa ametoka kula akabonyeza kitufe kwa sababu saa ya kazi ilikuwa imefika. Uongozi ulileta shada kubwa msibani. Valerian alilitazama lile shada, akawachukia wote waliolileta, na chuki hiyo hakuwahi kuiomba msamaha hata kanisani.

Sasa, meneja uzalishaji alikuwa Benson, kijana msafi wa shati na wa lugha, ambaye aliipenda mikisa namba mbili kuliko mashine zote. Mikisa ni lile pipa kubwa la chuma linalochanganya sabuni, refu kama gari dogo, lenye mapanga yanayozunguka ndani. Benson alikuwa na chati ukutani iliyoonyesha kila dakika mikisa iliposimama. Siku moja chati ilionyesha dakika arobaini na tano ambazo hazikuwa na maelezo. Maelezo yalikuwa kwa mama ntilie nje ya geti, yakila wali maharage, na ufunguo mfukoni.

Siku hiyo Valerian alikosea, na alikiri. Kazi ilikwisha, njaa ikamshika, akasahau kufungua. Lakini kukiri hakukumtosha Benson, alitaka utaratibu.

"Mzee wangu, kila kufuli liwe na ufunguo wa akiba ofisini," alisema. "Hatuwezi kuwa na kiwanda kinachokaa mfukoni kwa mtu."

"Bosi, ufunguo ukiwa ofisini, hilo siyo kufuli tena. Hilo ni pambo. Mie nikiwa ndani, mtu anakuja anafungua."

"Nani atafungua wakati uko ndani?"

"Aliyemwashia Ferdinand naye alikuwa mtu mzuri, bosi."

Benson hakumjua Ferdinand, na chati haikuwa na nafasi ya Ferdinand. Alitoa siku tatu. Ufunguo wa akiba uletwe, la sivyo Valerian ahamishiwe getini, akafungue na kufunga geti kadiri roho yake ipendavyo.

Siku mbili hakulala vizuri. Getini angeweza kuishi, kiti kipo na kivuli kipo. Ila akiondoka yeye, mafundi wengine wangeingia kwenye mikisa kwa kuamini maneno. Akibaki na ufunguo ukae ofisini, angeingia yeye kwa kuamini msumari wa kutundikia ufunguo. Siku ya tatu alifika ofisini kwa Gladness, afisa utumishi, akakabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Gladness aliufunga kikaratasi, akautundika kwenye msumari, akaandika kwenye daftari: "Ufunguo wa akiba, mikisa namba mbili. Upo. Hali: nzuri." Valerian akatia saini. Hakuna aliyeondoka kwenye kiti kwenda kuujaribu.

Jioni Ukonga, mkewe Demetria alimsubiri mlangoni.

"Baba Recho, ufunguo wa choo uko wapi?"

"Uko kazini."

"Kazini unafanya nini?"

"Unalinda."

Tangu siku hiyo, nyumba yote ya Valerian ikawa inaazima ufunguo kwa jirani yao Flaviana, ambaye alitaka kila mara kuelezwa sababu.

Wiki ya tatu, panga moja la mikisa lilianza kugonga. Valerian alizima, akafunga, akatundika kibao, akaiuliza mashine, mashine ikanyamaza. Akaingia ndani na spana yake, akalala chali chini ya mapanga. Nje, boila ya mvuke ilikuwa inanguruma kiasi kwamba watu waliongea kwa midomo na mikono. Benson alisimama kwenye ngazi za ghorofani, akamwita Jesca, opereta wa mikisa.

"Mashine vipi?"

"Imezima!" alijibu Jesca kwa sauti, kisha akaenda zake kusaidia upande wa kufungasha.

Valerian alisikia vizuri kutoka ndani ya chuma. Benson, kule juu, katikati ya ule mngurumo, alisikia alichotaka kusikia: ni nzima. Mashine ni nzima, imepona, na Mzee Kufuli bila shaka yuko kwa mama ntilie na wali wake. Kile kibao hakikumzuia. Kilikuwa kimetundikwa mara nyingi mno, macho yake yalishakizoea kama rangi ya ukuta.

Baada ya dakika chache Valerian akasikia kitu ambacho alikuwa amekiota mara nyingi: chuma kidogo kikiingia kwenye kufuli lake, pale ukutani hatua moja kutoka mlango wa mikisa, kikizungushwa.

Kwanza alitabasamu. Ufunguo wa choo. Zungusha tu, bosi. Halafu tabasamu likamkauka. Makufuli yale aliyanunua kwa machinga mmoja, fungu moja, na makufuli ya namna ile mara nyingine hufunguana. Yeye, anayebonyeza kitufe cha mashine aliyoizima mwenyewe, hakuwahi kuujaribu ufunguo wa choo kwenye kufuli la mikisa. Aliwaamini machinga wa Sterio kama wenzake walivyoamini vibao.

Alipiga kelele, sauti ikamrudia masikioni. Akaanza kutambaa kurudi nyuma, mguu ukanasa, shati likachanika kwenye panga. Aliogopa, aliogopa vibaya sana, na katikati ya kuogopa alimkumbuka Demetria akiomba ufunguo kwa Flaviana, akaona aibu kwamba huenda hilo ndilo la mwisho alilomwachia.

Kule nje ufunguo ulizunguka robo, ukagoma. Ukatolewa, ukaingizwa tena.

Alipotoka kwenye mlango wa mikisa, amepakaa sabuni hadi kwenye nyusi, Benson alikuwa anamwagiza mtu alete grenda ya kukatia kufuli. Benson aligeuka. Akamwona. Rangi ikamtoka usoni polepole, na kwa muda mfupi mno ilielekea angesema jambo la kibinadamu.

"Huu ufunguo ni wa wapi?" aliuliza.

"Wa choo, bosi."

Jesca, aliyekuwa amerudi mbio, alishika kichwa. "Bosi, mie nilisema imezima. Sikusema ni nzima."

Kikao cha nidhamu kilikaa siku mbili baadaye. Suala la nani alitaka kumwashia nani halikuwamo kwenye ajenda, kwa kuwa mashine haikuwaka na jambo lisilotokea haliandikwi. Kilichotokea kilikuwa na ushahidi kwenye daftari: mfanyakazi alikabidhi ufunguo wa choo na kuuita wa mikisa. Gladness alisoma barua ya onyo la mwisho akitazama chini. Benson aliongeza kwa upole kwamba kampuni inaweza kuvumilia mengi, ila si uongo. Valerian akaleta ufunguo wa kweli. Safari hii Benson aliujaribu mwenyewe, mara tatu, ukafungua mara tatu, ukatundikwa.

Mwezi huohuo lile panga liligonga tena. Mwenye kiwanda alichoshwa na maelezo, akampigia Benson simu: ingia wewe mwenyewe, unipigie picha za hilo panga.

Valerian alizima, akafunga, akaiuliza mashine. Benson alivaa kofia, akaingiza mguu mmoja kwenye mlango wa mikisa. Mguu wa pili ukabaki nje.

"Mzee Valerian."

"Naam, bosi."

"Ule wa ofisini uko wapi?"

"Uko ofisini, bosi. Kwenye msumari wake."

"Ofisini kuna nani saa hizi?"

"Mtu yeyote, bosi."

Benson alitoa mguu. Alivuka uwanja bila kukimbia, ila mikono yake ilikuwa inakimbia, akaingia ofisini, akarudi. Ule ufunguo aliutia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaupapasa kwa nje. Ndipo akaingia.

Valerian alidhani angecheka. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu isiyo ya Kikristo. Badala yake alijikuta ameegemeza mgongo kwenye swichi, amekunja mikono, anamtazama kila aliyepita karibu kwa jicho baya, mpaka kijana wa watu alipotoka na picha zake.

Ufunguo haukurudi kwenye msumari. Benson anao hadi leo. Kwenye daftari la Gladness bado umeandikwa upo, hali nzuri, na sasa chini yake kuna saini ya Benson ya kuhakiki kila mwezi. Barua ya onyo nayo iko kwenye faili la Valerian, kwa kosa la kuidanganya kampuni kuhusu ufunguo.