Mazutu Kwenye Mstari wa Teksi

Niseme mapema tusisumbuane: gari la dizeli halifai kwa teksi ya mjini. Dizeli sisi Bujumbura tunaiita mazutu, na wanaume wa kituo changu wamenieleza ubaya wake mara nyingi kuliko walivyowahi kunisalimia. Nimewasikia. Nimeelewa. Na bado naendesha la mazutu, mwaka wa sita sasa, wala sijamwomba mtu ruhusa.

Udereva nilijifunzia kwenye lori dogo la mfanyabiashara wa saruji. Kila siku nilipakia bandarini, nikapeleka mizigo kwenye maduka ya kaskazini, nikarudi na lori tupu. Alipofunga biashara na kuhamia kwa watoto wake, aliniuzia gari lake la kutembelea, kuukuu, la mazutu. Wenzangu wote pale kituoni wanaendesha magari ya mabosi, na jioni lazima warudishe ufunguo kwa mwenyewe. Mimi ufunguo wangu nalala nao chini ya mto.

Kituo chetu kiko kando ya soko. Magari hupangwa mstari mmoja, na wa kwanza ndiye anayechukua abiria. Akiondoka, mstari wote unasogea, lakini hakuna anayewasha gari. Esansi, yaani petroli, imekuwa ya kutafutwa kama dawa, kwa hiyo dereva anashuka, anaweka bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, anasukuma hatua tano, kisha anarudi kwenye karata zake. Magari yao ni mepesi. Langu lina injini nzito, na nikilisukuma peke yangu ni kama nasukuma ukuta. Tena likishapoa ni gumu kuwaka. Basi nilikuwa silizimi. Mazutu ikinguruma tu hainywi sana, kwa hiyo liliendelea kunguruma pale kwenye mstari, likitikisa vioo vya jirani na kutoa moshi wake.

Aliyekuwa akija kunigombeza ni shefu wa kituo, yaani mkuu wetu, mwanaume mfupi mwenye daftari la zamu kwapani.

"Mama, zima hiyo mashini. Wateja wanafikiri tunasaga muhogo hapa."

"Nikizima, nani atanisukumia?"

"Apana sisi. Ile ni jiwe."

Wakaniitia mkutano. Pale kituoni kuna gari linalovuja oili hadi lami chini yake imekuwa nyeusi, na mwenye kuliendesha hajawahi kuitiwa mkutano hata wa dakika mbili. Mimi niliitiwa, nikasimamishwa katikati, nikaambiwa: kabla mwezi haujaisha niweke injini ya esansi, au nitoke kwenye mstari. Walisema ni kwa sababu ya moshi. Mwanamke kwenye mstari ule ni mimi peke yangu, na moshi si mimi niliyeuleta Bujumbura.

Kesho yake nilikwenda Buyenzi kwa fundi wangu, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa mtaa uleule na kuzeekea chini ya magari ya watu. Nilitaka aniambie kwamba wale wanaume ni waongo. Alifuta mikono, akanikalisha kwenye tairi.

"Mwanangu, wanasema kweli. Mazutu inapenda safari ya mbali. We unabeba mutu sokoni, unamushusha Kigobe, unasimama, unangoja. Moteri haiyapata moto vizuri, tayari imelala. Ule uchafu unabaki ndani. Kisha enjekta zenye kurusha mazutu ndani zikiharibika, utalia. Mujini apana mahali yake."

"Na mutu mwenye kwenda Kanyosha na gunia tano, muzee? Zile gari zao zitamubeba?"

"Pale yako inawashinda. Lakini mutu wa vile unapata wangapi kwa siku?"

"Wachache," nikasema, na niliona aibu kusema.

"Basi nibadilishe?" nikamuuliza.

"Mi niko fundi, siko bwana yako. Gari ni yako."

Nilimpenda kwa neno lile kuliko kama angenisifia gari. Hakunidanganya, na hakuniamrisha. Nikafanya uamuzi nikiwa bado nimekaa kwenye tairi lake. Pesa ya injini ya esansi nisingeipata bila kumwingiza mtu mwingine kwenye umiliki wa gari, na ningekuwa nimerudi kuendesha cha mwenzangu. Kama kukosea, nitakosea na gari langu mwenyewe.

Wiki ya tatu ya mwezi ule mazutu nayo ikaadimika. Vituo vyote vya mafuta vilikuwa na misururu ya magari yasiyosogea. Pale bandarini, watu wa boti waliniambia kwamba wao wanachanganya na mawese. Nikanunua dumu la mawese sokoni, mekundu, mazuri ya kupikia, nikayamimina kwenye tangi pamoja na mazutu kidogo iliyobaki. Mchana kutwa gari lilikwenda vizuri. Abiria mmoja alivuta pumzi akauliza kama nimebeba ndizi za kukaanga. Nilicheka njia nzima, nikajiona mjanja kuliko mji mzima.

Usiku ikanyesha mvua, na asubuhi kukawa na baridi. Niliwasha kwa taabu, nikashuka mteremko kutoka kwangu, gari likikohoa, likakata pumzi mara mbili, na hatua za mwisho kuingia kituoni liliserereka lenyewe injini ikiwa imezima. Nilikuwa nimewahi kuliko wote, kwa hiyo nilisimama mbele kabisa ya mstari.

Abiria wa kwanza alikuwa mwalimu aliyekuwa akienda Kigobe. Aliingia, nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena, hadi betri ikaanza kuchoka. Mwalimu akaniomba radhi kwa adabu, akashuka, akaingia gari la pili. Kanuni yetu ni kwamba asiyewaka akiwa mbele anakwenda mkiani. Wangesema mkiani, ningekwenda, maana kanuni ni kanuni. Lakini shefu alikuja na wanaume wanane nyuma yake, akagonga bati la gari langu.

"Toa mukono kwa breki, mama. Tunaisukuma."

"Mukiani?"

"Inje. Kwa barabara. Leo imekwisha."

"Mulinipa mwezi. Mwezi haiyaisha."

"Sukumeni," akawaambia wenzake.

Nilikasirika. Sikutukana. Nilipandisha kioo, nikaingiza gia ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nikakanyaga na ile ya mguu kwa nguvu zangu zote. Wanaume tisa wakainama nyuma ya gari langu. Sasa, kuna jambo ambalo fundi hakulitaja kwa sababu hakuna anayelihesabu kuwa sifa: injini ya mazutu ikizimwa ndani ya gia inabana kuliko injini yoyote ya esansi. Wakasukuma. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakasukuma tena. Viatu vyao viliteleza kwenye lami yenye maji. Nilikuwa nawatazama kwenye kioo cha nyuma, nyuso zimevimba kwa juhudi, na gari halikusogea hata unene wa kidole.

Walipochoka wakasimama wakihema, mikono kiunoni. Na mimi, pale nilipokaa nikiwa na muda wa kufikiri, nikakumbuka chupa ya mawese ya jikoni kwangu. Maisha yangu yote nimepikia mawese. Kila asubuhi ya baridi yanaganda kwenye chupa, na kila asubuhi naiweka kwenye sufuria ya maji moto kabla sijapika. Mimi, mwanamke wa umri huu, nilikuwa nimeyamwaga kwenye tangi na kulala bila wasiwasi. Hakuna mwanaume pale ambaye angefanya kosa lile, na hakuna ambaye angejua dawa yake.

Nikashuka, nikafunga mlango na ufunguo, gia ikiwa palepale. Nikaenda kwa mama muuza chai wa upande wa pili wa barabara, nikamwomba birika la maji yanayochemka. Hakuniuliza la nini. Nikafungua boneti, nikamimina polepole juu ya chujio la mafuta, kisha juu ya mpira unaoliingia, nikimaliza birika moja akaniletea la pili. Halafu nikabonyeza kipampu cha juu ya chujio kwa kidole gumba, mara ishirini, mara thelathini, hadi nikasikia kinakuwa kigumu, yaani mafuta yamefika. Wale tisa walikuwa wamesimama kando wakinitazama.

Niligeuza ufunguo. Injini ikakataa, ikakataa, kisha ikapiga mara moja, mara mbili, ikashika yote kwa pamoja, na moshi mzito wenye harufu ya vitumbua ukatanda kituo kizima.

Kutoka sokoni akaja mama mmoja na wabeba mizigo wawili, magunia ya unga mabegani. Alikuwa anakwenda Kanyosha. Akautazama mstari, akauliza, "Wa kwanza ni nani?"

Shefu aliangalia daftari lake, ambalo lilikuwa limefungwa.

"Ni mi," nikasema. "Pakieni."

Wakapakia magunia yote, mama akakaa mbele kando yangu, akafunga kitambaa puani bila kulalamika. Ningeweza kuondoka kwa kasi. Niligeuza gari, nikaondoka kwa gia ya kwanza, polepole kabisa, kandokando ya mstari wote, ili kila mmoja wao apate moshi wake.