Ngitili ya Magharibi

Shule moja ya sekondari hapa Bariadi iliponiita kufundisha somo la majaribio, nilipewa dakika arobaini na mada ya upanuzi wa taifa changa la Marekani. Niliandika kurasa kumi na nne. Nilivaa tai, nikaivua nikihofia wataona najipendekeza, nikaivaa tena. Tangu nihitimu chuo nilikuwa nimepeleka maombi kila mahali, na hii ndiyo shule ya kwanza kuniita. Nikishindwa, nilikuwa narudi kwenye kaunta ya duka la vitenge la mama mdogo, aliyenilea.

"Ukifika, fundisha," aliniambia asubuhi hiyo akininyooshea kola. "Usianze kuomba radhi kwa kosa ambalo hujalifanya."

Kosa nililifanya dakika ya kumi.

Mwanzo ulikwenda vizuri, nasema bila aibu. Mkuu wa shule, mama mtulivu mwenye daftari jeusi, alikaa dawati la nyuma. Nilichora ubaoni majimbo kumi na matatu yaliyobanana pwani ya mashariki, kisha nikaeleza kwa nini watu wake hawakutulia hapo. Kurasa zangu sikuzihitaji, maana Simiyu huwezi kumfundisha mtoto jinsi pamba inavyoichosha ardhi. Niliwauliza shamba likichoka mtu hufanya nini.

"Anahama," darasa zima lilijibu.

Nikasema ndivyo ilivyokuwa. Wenye mashamba ya pamba walisogea magharibi, wakiwapeleka watumwa ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Serikali nayo ilinunua kutoka kwa Wafaransa eneo kubwa kiasi kwamba nchi ilikua karibu mara mbili. Nikauzungushia chaki upande wote wa magharibi, na katikati nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ni ardhi tupu.

Msichana aliyekaa dirishani alinyoosha mkono. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, akaomba aseme kwa Kiswahili. Nilimtazama mkuu wa shule. Hakuinua uso. Nikamruhusu.

"Mwalimu, nani aliiangalia hiyo ardhi akasema ni tupu?"

"Waliohamia. Walikuta nyasi. Hakuna uzio, hakuna matuta."

"Basi hiyo ni ngitili."

Darasa lilicheka, nadhani kwa jinsi nilivyokodoa macho.

"Mwalimu ni wa mjini," jirani yake alisema. "Ng'ombe anamjua kwenye supu."

Neno lenyewe nilikuwa nimelisikia, kama mtu anavyosikia jina la mtaa asioupitia. Nikamwomba msichana atueleze.

"Kwetu Ngulyati, baba ana malisho ambayo masika yote hayakanyagwi na ng'ombe. Nyasi zinaachwa zisimame mpaka kiangazi. Mgeni akipita anaona pori, anaweza hata kuleta jembe. Lakini kijiji kizima kinajua ni ya nani na inasubiri nini. Sasa hao wa huko, hawakuwa na wanyama?"

Walikuwa nao. Walikuwa na nyati wengi, na walijua majira ya kuwafuata. Yote hayo nilikuwa nayo, ukurasa wa tisa, chini ya kichwa cha "Athari". Wenyeji wa nchi nzima nilikuwa nimewatengea dakika tatu.

Nikifuta, nakiri kosa mbele ya mtu mwenye daftari. Nisipofuta, labda hataliona. Nilikuwa ningali napima hayo nilipoona kalamu za wanafunzi. Walikuwa wananakili. Maneno yangu yalikuwa yameshafika kwenye madaftari arobaini.

"Futeni," nilisema, nami nikafuta.

Tukaijaza ramani upya. Nikawaambia juu ya mataifa mengi yaliyoishi pale, mipaka waliyoijua bila uzio, mikataba iliyosainiwa ikavunjwa, watu waliosukumwa hadi kwenye ardhi wasiyoichagua. Niliposema wengi wao walilima mahindi, na kwamba mahindi asili yake ni upande ule wa dunia, kalamu zilisimama.

"Haya ya ugali?" mmoja aliuliza.

"Haya haya."

Kengele ililia nikiwa ukurasa wa tano.

Ofisini mkuu wa shule alifungua daftari. "Hukumaliza mada."

Nilikuwa na maelezo manne tayari. Nilimkumbuka mama mdogo. "Sikumaliza," nikasema.

"Na ulifuta ubao katikati ya somo la majaribio. Kwa nini?"

"Walikuwa wameanza kunakili."

Alinitazama, akafunga daftari. "Jumatatu una kipindi cha kwanza. Anzia ulipoishia."

Jumamosi nilichukua bodaboda hadi Ngulyati, kwa sababu sikutaka kufundisha tena kitu nisichokiona. Baba wa yule msichana alinipokea kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, nikaitikia vibaya, akanisamehe. Tulitembea kidogo. Niliona nyasi, na nyuma yake nyasi nyingine.

"Mzee, mpaka uko wapi?"

"Umeshauvuka, mwalimu," alisema, akaendelea kutembea.