Ng'ombe Aliopewa Abba

Mwaka jana shule moja ya Isiolo iliniita nikawape wanafunzi moyo. Unayajua mambo hayo: hema jeupe, vipaza sauti vinavyopiga mluzi, soda ya moto, na mwalimu kijana wa kusoma sifa zako mpaka unaona haya. Alisoma vyeo vyangu vyote, tangu nilipokuwa karani wa wilaya hadi nikawa katibu mkuu wa wizara. Halafu akainua mkono kama mhubiri na kusema kwamba dhiki ya utotoni ndiyo iliyonijenga. Wanafunzi wakapiga makofi. Nakwambia, rafiki yangu, nusura niiweke ile soda chini niondoke zangu.

Mimi siamini kwamba dhiki humjenga mtu. Niliiona kwa macho yangu ikiwamaliza watu wazima, wenye nguvu na akili kunishinda, na hao hakuna anayewaalika hemani waeleze walivyomalizika. Tunaoitwa ni sisi tuliopenya, kisha tunaambiwa tuwashukuru waliotubana.

Kesho yake nilimwomba dereva tushike njia ya mashariki, ile ya kuelekea Sericho, hadi mahali tulipofungiwa wakati wa vita vya Shifta. Siku hizi pana mlingoti wa simu, maduka mawili ya simenti na vijana wa bodaboda wanaotafuna miraa kivulini. Nilishuka nikatembeatembea nikitazama chini. Dereva aliniuliza kama nimeangusha kitu.

Wakubwa wetu waliuita wakati ule Daba, yaani kusimamishwa, na hawakupenda kuutaja. Serikali ilisema wafugaji wa upande wetu wanawalisha Shifta, yaani waasi waliotaka kujitenga, kwa hiyo wote wakusanywe ndani ya uzio wa miiba na seng'enge. Sisi tulikuwa watatu: mimi, baba yangu niliyemwita Abba, na mama yake, nyanya yangu, ambaye kila mtu alimwita Akko. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na sikuwa na ndugu. Askari walikuja asubuhi tukiwa tunakamua. Ngamia walipigwa risasi palepale, maana walisemekana ndio wanaobeba bunduki za Shifta. Sauti ya ngamia anayekufa nimeisikia tena mara nyingi usingizini, na sitajaribu kukueleza ilivyo.

Ng'ombe wengine walitawanyika vichakani siku hiyo. Waliobaki tuliingia nao ndani ya uzio, na humo ndimo walimokwisha polepole. Hawakuruhusiwa kwenda mbali kutafuta majani, na ardhi ya mle ndani ilikuwa imelambwa ikabaki vumbi. Ng'ombe akianza kuyumba, mwenyewe alimwahi kwa kisu kabla hajawa mzoga, akagawa nyama kwa majirani. Ni aibu kusema, lakini sisi watoto tulizifurahia wiki zile. Kila kibanda kilikuwa na moshi wa nyama, na hatukuelewa kwa nini wanaume walikuwa wakitafuna wametazama pembeni.

Halafu nyama ikaisha, tukaanza kula mahindi ya manjano ya msaada. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi hayo yakichemka, natoka nje. Kazi yangu ilikuwa kuwachambua wadudu kwenye posho, kupanga foleni ya maji, na kumfuata Akko kuni zilipotafutwa, askari wakitembea nyuma yetu na bunduki. Jioni filimbi ilipulizwa, kila mtu akaingia kibandani mwake. Wazee walikufa kwa kikohozi, watoto kwa surua. Tulizoea kusikia kilio kikianza upande mmoja wa kijiji, tukitulia kusikiliza ni kwa nani.

Sasa nikueleze desturi moja ya kwetu. Mtu akiishiwa na mifugo hazunguki kuomba. Ukoo unakaa, yeye anasimama kusema yaliyompata, kisha wanaume wanainuka mmoja mmoja, kila mmoja akimtaja mnyama atakayempa: rangi yake, pembe zake, hata mama aliyemzaa. Na hapo hakuna anayesema sina. Atakayesema hivyo mbele ya ukoo ni afadhali ahame.

Mikutano ilikuwa marufuku kambini. Basi Ijumaa moja, baada ya sala, wanaume walibaki wamekaa na tasbihi mikononi kana kwamba dua inaendelea, na Abba akasimama. Mimi na Akko tulikuwa nyuma ya kibanda cha sala na tulisikia yote. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba hana hata ndama. Nadhani kila mtu pale alijua kwamba hakuna mwenye kitu. Halafu jirani yetu mmoja, mtu mrefu mwenye kovu kwenye paji la uso, akainuka akasema, "Mimi nampa mtamba wa kijivu, pembe zake zimeangalia chini." Wa pili akatoa dume jekundu. Wa tatu akatoa ng'ombe mwenye maziwa na ndama wake. Wakaendelea hivyo mpaka wote wakasema, na kila aliyesema Abba alimwombea baraka. Akko alinishika mkono akaubana hadi ukauma. Mtamba wa kijivu tulikuwa tumekula nyama yake.

Sitaki umdhanie Abba kuwa alirukwa na akili. Alikuwa mtu timamu, mcheshi hata, mwenye kuiga kwa siri mwendo wa askari mnene wa langoni mpaka tukacheka. Ila aliamini kwamba mtu akisema mbele ya ukoo, amesema. Ng'ombe watatoka wapi, hilo lilikuwa la mwenye kusema. Toka siku hiyo akawa mtu mwenye mifugo. Alijenga zizi dogo la miiba nyuma ya kibanda. Alifumua magunia ya msaada, akasokota nyuzi zake kuwa kamba, akazitundika ukutani, moja kwa kila ng'ombe. Kila asubuhi alifagia zizi ambalo halikuwa na kinyesi. Walipotafutwa wanaume wa kufyeka barabara kwa ujira wa posho, alikataa, akasema hawezi kuacha boma. Basi Akko, na mgongo wake uliopinda, ndiye aliyebeba maji ya jiko la askari ili tupate cha kuongezea.

Jioni Abba alinikalisha mlangoni akanifundisha ng'ombe wangu. Alishawapa majina wote. Nilitakiwa niwataje kwa mpangilio wa kuingia zizini, rangi na pembe, nani anapiga teke, nani anapenda kubaki nyuma. Nikikosea tunaanza upya. Akko alikuwa akisikiliza huku akikifukiza kibuyu chake cha maziwa kwa kaa la moto, kibuyu kikavu, kila jioni, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilifurahia mchezo ule kuliko kitu chochote kambini. Hao wanaosifu kumbukumbu yangu, kwamba nilikuwa naingia mbele ya kamati za bunge kujibu maswali bila karatasi, wajue niliipata kwa kuwataja ng'ombe ambao hawakuwepo.

Palikuwa na mwalimu kutoka Meru, Mkristo, kijana mwembamba aliyetufundisha chini ya turubai. Siku moja alikuja kwetu akavua kofia.

"Habari ya hapa, mzee?"

"Alhamdulillah, mwalimu. Karibu. Chai hakuna, leo tutasalimiana tu."

"Mzee, huyu mtoto ako na kichwa. Nikitaja mito ya Kenya mara moja, anarudisha yote. Nimempatia nafasi ya bweni, huko Isiolo mjini. Serikali italipa. Lori inaondoka Jumatatu, na ikienda bila yeye, hiyo nafasi itapewa mwingine."

Mjini! Nilikuwa sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kupanda lori lile na kuuacha ule uzio nyuma yangu. Abba alitabasamu kwa fahari, akaniwekea mkono kichwani.

"Kichwa iko, hata mimi najua," alisema. "Lakini hii ndio mtoto yangu moja. Ng'ombe yangu nani atachunga?"

Mwalimu alitazama zizi, akanitazama mimi. "Ng'ombe gani, mzee?"

"Ya ukoo. Wamenipea."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alikuwa mgeni na hakujua aseme nini. Mimi nilijua, lakini ningekatwa ulimi kwanza. Kambini kote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Abba ukweli, wala wale wanaume waliosimama siku ya Ijumaa, wala imamu. Wote walimwacha afagie.

Akko alikuwa amekaa na ungo wa posho mapajani. Hakuwa na Kiswahili, ila jina la mji na neno lori alivielewa. Alisema kwa Kiborana, bila kuinua macho, "Mwanangu, hakuna ng'ombe."

Abba aliangalia zizi lake.

"Mtamba wa kijivu tulikula maini yake. Nilikupikia mimi, ukala. Lile dume jekundu ngozi yake ndiyo hiyo unayolalia. Hakuna ng'ombe. Yupo mtoto huyu tu, na ukimweka hapa atakufa kwa kikohozi kama wengine. Mwache aende."

"Walisema," Abba alisema. "Mama, walisema."

"Walikuonea huruma."

Nimewahi kuona watu wakisomewa hukumu, na wakiambiwa habari za ugonjwa usiotibika, lakini uso kama wa Abba jioni ile sijauona tena. Akko aliendelea kupepeta. Posho ilikuwa inamwagika, naye hakuacha.

Jumatatu Abba alinifungia virago vyangu mwenyewe. Alishusha kamba moja kutoka ukutani, akazungusha, akakaza fundo la kufungia ndama. Alinipandisha juu ya lori akasema niwe na adabu na nisimsumbue mwalimu. Hakutaja ng'ombe hata mmoja. Lori lilipoanza kutembea nilimwona ameshageuka, anarudi ndani.

Shuleni watoto wa mjini waliniita shifta, wakanifichia viatu, na mwalimu wa zamu alinichapa kwa kukosa viatu. Lakini palikuwa na uji na kitanda, na mimi nilikuwa na kichwa. Kabla mwaka haujaisha, mwalimu wangu alikuja hadi bwenini akiwa amevua kofia tena. Abba hakuugua, alisema. Aliacha tu kuamka mapema, kisha akaacha kula, kisha akafa. Miiba ya zizi Akko alikuwa ameipikia.

Kwa hiyo mimi nilijifunza mapema kwamba ahadi huua, na nikatumikia umma kwa fundisho hilo. Wajumbe walikuja ofisini kwangu kutoka kila pembe ya nchi, wanataka kisima, wanataka zahanati. Wenzangu waliwaambia rudini mwezi ujao. Mimi niliwaambia hakuna, palepale, kabla chai haijapoa, wasije wakaenda kujenga zizi. Magazeti yaliita huo msimamo. Walionichukia walisema sina moyo. Niliwaona wazee wa watu wakishika kofia zao na kutoka, nikajiambia nimewaokoa.

Lakini kuna jambo ambalo sikuwaambia wanafunzi wa Isiolo.

Vita vilikuwa vimekwisha na uzio umeondolewa. Nilikuwa nimekuja likizo, nimekaa na Akko nje ya kibanda chetu kipya, tukaona mtu mrefu anakuja kwa miguu na mtamba nyuma yake. Alikuwa amekonda, na ndala zimekatika. Lile kovu kwenye paji la uso ndilo lililonifanya nimtambue. Alikuwa ametoroka uzioni muda mfupi baada ya mimi kuondoka, akaenda Meru kulinda shamba la miraa la tajiri mmoja, akakaa huko miaka, na badala ya mshahara alidai mtamba.

"Salaam aleikum, Akko," alisema. "Mwenye boma yuko?"

Akko alijifunika mdomo kwa mtandio. Ikabidi nimwambie mimi. Yule mtu akatafuta mti, akamfunga mnyama.

"Si yule niliyesema," aliniambia, kama anayeomba radhi. "Yule alikufa, mnajua. Lakini nilisema."

Akamwombea Abba dua, akanywa maji, akaondoka.

Wale wengine hawakuja, na siwalaumu. Wengi wao walizikwa mle mle ndani. Siku hizi ukoo haukai tena. Msiba ukitokea tunatumiana pesa kwa simu, kila mtu anatuma kiasi kisichompunguzia kitu, na hakuna anayesimama kutaja rangi ya kitu. Mimi mwenyewe natuma hivyo.

Mtamba yule alizaa, akazaa tena. Akko alimkamua kila siku, hadi Akko mwenyewe alipokufa, na maziwa aliyagawa kwa watoto wa jirani. Yeye hakuyaonja hata mara moja. Chai yake ilikuwa ya strungi, nyeusi, hata Idi. Sikuwahi kumsikia akisema alikosea jioni ile, wala akisema alifanya sawa. Kila niliporudi likizo, na baadaye niliporudi na gari la serikali na dereva wa kunifungulia mlango, alinijazia kikombe cha maziwa hayo hadi juu, akakaa mbele yangu, akanitazama mpaka nimalize yote.