Siku Nne na Shuka Katikati

Mimi mvua siipendi, na sitajifanya kuipenda kwa sababu tu nimezaliwa Songea. Watu wa kwetu wakiona wingu wanashukuru, wanawaza mahindi. Mimi nikisikia matone ya kwanza juu ya bati, natafuta mlango uko wapi. Nina sababu yangu, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya mtaani kwetu Lizaboni yalipoanza kujaa sabuni za rangi na mitumba, na watu wenye ajira walipoanza kuzungumzia mapumziko. Zamani likizo ilikuwa kwenda kijijini kulima. Sasa karani mwenzake baba alikuwa ameipeleka familia yake Mtwara kuona bahari, akarudi na makombe ya pwani mfukoni na maringo yasiyoisha. Baba akasema na sisi tutakwenda ufukweni. Bahari ilikuwa mbali, lakini ziwa tulikuwa nalo, na kule Mbamba Bay mfanyabiashara mmoja alikuwa ametoka kujenga nyumba ya wageni mchangani kabisa, akiamini kwamba watalii wako njiani.

Kusema kweli safari haikuwa ya baba, wala yetu. Ilikuwa ya bibi. Mama yake mama alizaliwa ziwani, akaolewa huku juu, akazeekea nyumbani kwetu kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kitakaa mpaka Desemba. Alitaka kuliona ziwa. Hakuomba kitu kingine.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza, kwa kuwa kila mtu amelikuta. Mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawapishani kwenye korido, na hawasemeshani. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa. Nyumbani haikuwa shida. Baba alimjengea bibi chumba cha uani chenye mlango wake, na kila alipotaka kutoka nyuma alikohoa kwanza. Bibi akisikia kikohozi, anajivuta ndani na kuvuta kanga usoni. Waliishi hivyo miaka sita, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa watu wengine.

Neno likihitajika kupita kati yao, alitumwa mtoto. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne na aliongeza chumvi kwenye kila kitu, kwa hiyo wa kutumwa nilikuwa mimi. "Mama," baba ataniita, maana ndivyo alivyoniita, "mwambie bibi yako dawa yake imekuja." Nami nitakwenda uani kumwambia. Bibi atasema, "Mke mwenza, mwambie baba yako nashukuru." Yeye aliniita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nitarudi. Wakati mwingine walikuwa hatua tano tu, mlango wazi, kila mmoja amemsikia mwenzake vizuri. Hata hivyo neno halikuhesabika kuwa limesemwa mpaka mimi nilibebe.

Tulifika ziwani na lori la rafiki yake baba, aliyekuwa akipeleka unga na kurudi na dagaa. Mvua ilikuwa imetutangulia. Mbele ya nyumba ya wageni tuliona mawimbi mawili matatu ya rangi ya udongo, na baada ya hapo weupe mtupu. Visiwa havikuonekana, wala milima ya pembeni, wala jabali ambalo bibi alikuwa akituhadithia, ambalo kutoka juu yake yeye na kaka zake walikuwa wakirukia majini. Nilimwambia, "Bibi, ziwa hilo." Akatazama kwa muda. Akasema, "Hilo si ziwa, hayo ni maji. Ziwa lina ng'ambo."

Siku ya kwanza tulivumilia. Baba alikaa barazani na redio yake, sisi wanawake tukakaa vyumbani. Siku ya pili upepo ukageuka, mvua ikaanza kuingia barazani kwa ubavu, na chumba cha pili kikaanza kuvuja juu ya kitanda. Mwenye nyumba alikuja na sufuria tatu za kukingia maji, akasema fundi wake alikuwa na haraka. Tukabaki na chumba kimoja, sote watano. Mama akafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, akatundika shuka la kitanda. Baba akapata upande wenye meza, bibi upande wenye dirisha. Mimi nikawekwa kwenye kigoda pale shuka lilipoishia, ili wote wanipate.

Msinionee huruma bado. Asubuhi ile niliona raha, kama mtu aliyepewa cheo. Mama alijitahidi tusijione kama kuku waliofungiwa. Tulitegana vitendawili mpaka vikaisha, tukachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, mdogo wangu akachora samaki ukutani kwa mkaa akachapwa. Bibi alipotaka kwenda nje, mimi nilitangaza, na baba alisimama uso ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa mpaka apite. Wakati bibi anakula, baba alichukua mwamvuli akaenda kusimama chini ya upenu wa jiko, suruali ikilowa hadi magotini. Mama alicheka peke yake huku akigeuza samaki, nami nikacheka kwa kuwa mama anacheka.

Siku ya tatu mwenye nyumba akaleta bao.

Baba aliliweka mezani, akapanga kete bila kusema na mtu. Bibi, upande wake, alisikia kete zikigonga mbao. Akaniita. "Mke mwenza, muulize baba yako anacheza na nani." Nikauliza. Baba akasema hachezi na mtu, labda kama bibi yako anajua. Bibi alikuwa amefundishwa bao na kaka zake kabla hajavunja ungo. Wakaliweka chini ya shuka, nusu huku, nusu kule. Bibi alicheza kwa vidole, akihesabu kete shimo kwa shimo. Mkono wake ukitoka, wa baba unaingia ndani. Hawakugusa ubao kwa pamoja hata mara moja.

Na kila kete ilipita kinywani mwangu. Bati lile halikuwa na siling bodi chini yake, na mvua ilipokolea ulikuwa humsikii mtu wa hatua mbili. Wao hawakuweza kupaza sauti. Nani anampigia mkwe wake kelele? Kwa hiyo wananong'ona, nami napeleka. Mwambie nimekula. Mwambie ahesabu tena. Mwambie bibi yako ananionea. Mwambie baba yako hilo aliliona mwenyewe akaliacha. Nikiinuka kidogo naitwa. Nikilegea naambiwa sijasema vizuri. Walicheza kutwa nzima, na siku ya nne wakaanza kabla ya chai. Baba alikuwa akicheka, nami nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka namna ile. Bibi alikuwa amesahau hata kutazama dirishani.

Leo najua walikuwa wakizungumza kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wakati ule nilijua tu kwamba mgongo unaniuma, nguo zangu zinanuka uvundo, na kwamba hakuna mtu katika chumba kile aliyeniuliza mimi nataka nini. Nilikuwa nimeshikwa na hasira ya mtoto, ambayo haina pa kwenda. Nilitaka kutoka. Nilitaka kitanda changu cha Lizaboni na mlango wa kufunga.

Mchana wa siku ya nne dereva wa lori akapita. Alisema anaondoka kesho asubuhi, kabla udongo haujaporomoka kwenye milima ya Mbinga. Anayetaka aje. Asiyetaka asubiri lori lingine, labda siku tatu, labda wiki. Mama alikuwa jikoni na mdogo wangu. Baba akafikiri, akainamia sikio langu.

"Mama, muulize bibi yako. Mimi siku za likizo ninazo. Tuondoke kesho, au tusubiri aone ziwa lake? Atakavyosema yeye."

Nikaingia upande wa pili. Bibi alikuwa ameshika kete mkononi, anaziviringisha. Nikamuuliza kama nilivyotumwa, neno kwa neno. Bibi alitabasamu.

"Mwambie tusubiri. Mvua gani isiyokatika? Mwambie nashukuru sana, na zamu ni yake."

Kigoda changu kilikuwa hatua moja kutoka pale. Nilikwenda hatua ile moja, nikamwambia baba, "Bibi amesema amechoka. Anataka kurudi nyumbani."

Sikupanga. Lilitoka tu. Nilimwona baba akishangaa, akataka kuuliza tena, akajizuia. Mkwe akishasema amechoka, humhoji. Akaanza kukusanya kete moja moja. Nikarudi kwa bibi kabla hajasikia kete zikikusanywa, nikamwambia, "Baba ameona ni heri tuondoke kesho. Anasema barabara itafunga." Bibi naye hakuuliza. Aliweka zile kete zake chini ya shuka, upande wa baba, akageukia dirishani.

Mama aliporudi alimuuliza bibi, "Mama, tunaondoka kweli?" Bibi akajibu, "Mkwe ameshaamua vizuri." Mama akaona wamekubaliana. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu, na kwa mara ya kwanza katika siku mbili hakuna aliyenituma.

Asubuhi bibi, mama na mdogo wangu walipanda mbele kwa dereva. Baba hakuweza kukaa nao, kwa hiyo mimi na yeye tulikaa nyuma chini ya turubai, juu ya magunia ya dagaa. Tulipanda mlima kwa shida, matairi yakiteleza. Kwenye kona ya juu mvua ikakatika. Mawingu yakainuka mara moja, na nyuma yetu ziwa likafunguka lote, visiwa, milima, na ng'ambo. Hata jabali lilikuwepo, dogo, jeusi, na maji meupe yakilizunguka.

Baba alisimama akapiga bodi kwa kiganja, akaita, akapiga tena. Dereva alitoa mkono dirishani akaupunga: pale ukisimamisha gari huondoki tena. Bibi alikuwa mbele, uso umeelekea mlima. Baba aliendelea kusimama, ameshika chuma, anatazama nyuma kwa niaba yake mpaka kona ikalificha ziwa. Kisha akakaa.

"Basi tena," akaniambia. "Alikuwa amechoka."

Tundu la ufunguo lilifungwa kabla ya Pasaka. Bibi hakulalamika. Aliomba apewe fimbo, akajifunza uani kwa miguu. Lile bao baba alikuwa amemwomba mwenye nyumba akalinunua, tukarudi nalo, na likakaa juu ya kabati likishika vumbi. Hakuna aliyesema wacheze. Kila mmoja alidhani mwenzake hakufurahia.

Nilikua na uongo wangu. Nilikuwa mtoto mzuri, nilimwongoza bibi kanisani, nilimsomea barua. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga, kwa kuwa nilikuwa mwoga na bado ni mwoga.

Nikiwa kidato cha tatu nilikuja likizo ya Desemba. Baba alikuwa amepata mbao na siling bodi, ameziba dari ya sebule yote. Jioni moja mvua ikanyesha ya nguvu. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, baba kwenye kiti na gazeti, pazia katikati. Bibi alikuwa haoni kabisa, lakini baba aliendelea kugeuza uso vilevile. Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu.

"Mke mwenza," bibi akaniita kwa ile sauti yake ya chini. "Muulize baba yako. Siku ile kule ziwani, alikuwa na haraka ya nini?"

Nilikuwa bado naweza kuligeuza neno hilo, nilidhani. Lakini mvua ilikuwa juu ya dari, imebaki huko huko, na humu ndani kila neno lilisikika. Gazeti la baba lilikuwa limekwisha kushuka.

"Mwambie bibi yako," baba akasema taratibu, akitazama ukuta, "mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa na siku tisa. Yeye ndiye aliyesema amechoka."

Hawakuweza kutazamana. Kwa hiyo wote wawili wakanigeukia mimi, hata yeye asiyeona.

Bibi alipapasa mkeka, akaipata ncha ya kanga yake, akaivuta taratibu usoni. Hakuna mtu aliyekuwa amekohoa.

"Mwambie baba yako nimesikia," akasema.

Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikamgeukia, nikamwambia bibi amesikia.